Baba, ngoma si ya kumpokea mgeni rasmi tu

Malmö, Uswidi
Novemba

Baba na Mama wapendwa,

Mbukwenyi. Shikamooni.

Mimi huku ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwenu mlio mbali na upeo wa macho yangu. (Mama, hiyo sentensi nimeiweka kwa ajili yako. Najua ungeitafuta.) Baridi imeingia, saa kumi jioni giza limeshatanda, na sweta la Shangazi halivuliki.

Baba, juzi kwenye simu uliniuliza: “Umekwenda kusoma mazingira au kucheza ngoma?” Mtandao ukakatika kabla sijajibu, nami nikashukuru, maana jibu sikuwa nalo. Sasa ninalo, ila ni refu.

Siku tatu kwa wiki niko kwenye karakana ya sanaa katika mtaa wa Augustenborg. Siku zilizobaki natafuta vibarua vidogo vya mradi huu na ule. Kuna miezi inakaa vizuri, kuna miezi nakula dengu mfululizo; sitakuficha. Mtaa wenyewe ni wa maghorofa ya kawaida ya watu wa kipato cha chini, wengi wahamiaji kama mimi. Zamani mvua ikinyesha maji yalijaa vyumba vya chini. Kuanzia 1998 wakaacha kuyafukia kwenye mabomba, wakayachimbia mifereji ya wazi na vidimbwi katikati ya nyumba, na mapaa mengine wakayaotesha majani. Tarehe 31 Agosti 2014 jiji lilipigwa na mvua kubwa mno, na mtaa huu ukaumia kidogo kuliko mingine mingi.

Kazi yangu ni kukaa na wakazi tukatengeneza vitu kuhusu hayo maji: michoro, nyimbo, maigizo ya uani. Mwanzo nilivurunda. Nilitunga wimbo mzuri wa kutunza mifereji, nikabandika matangazo, wakaja watu wanne, wawili kati yao wakiwa wafanyakazi wenzangu. Mara ya pili sikutunga kitu. Nilichukua chaki nikagonga milango, nikawaomba wazee wanioneshe maji yalifika wapi kabla ya mifereji. Bibi mmoja alichora mstari ukutani usawa wa goti lake, akaanza kusimulia sanduku la picha za harusi lililoloa. Majirani wakatoka, wakabishana mstari uwe juu au chini. Jioni ile ndiyo kazi ilipoanza.

Nikupe jambo la kukushangaza, Baba. Mvua ya Malmö kwa mwaka haipishani sana na ya Dodoma. Zote zinazungukia milimita 600. Yao inanyunyiza mwaka mzima kama mtu anayemwagilia mchicha. Yetu inasubiri Desemba, inashuka kwa hasira mpaka Aprili, inachimba makorongo na kwenda zake. Kwa hiyo shida yetu si uchache wa mvua peke yake. Ni kwamba ikifika inakuta ardhi tupu, haina cha kuishika.

Na watu wa huku wanahusika na ardhi yetu kuliko nilivyodhani. Ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulioanza 1973, uligharimiwa kwa msaada wa Uswidi. Babu alikuwa akituhadithia jinsi mifugo yote ilivyoondolewa milima ya Kondoa mwaka 1979, na jinsi shemeji yake alivyofika kwetu usiku na ng'ombe wasio na pa kwenda. Miti ilirudi kweli. Lakini nikikumbuka sauti ya Babu, naona watu walihamishiwa mifugo kabla hawajasikilizwa.

Unakumbuka siku ile ya kupanda miti pale shuleni? Kikundi cha Bibi kilipiga muheme, ngoma yetu ya akina mama wa Kigogo, toka saa mbili asubuhi, mgeni rasmi akafika saa sita, wakapewa soda, wakaambiwa wakae pembeni ili “mkutano uanze”. Miche mia mbili. Kiangazi hakikubakiza hata kumi. Wale akina mama pembeni ndio waliojua visiki gani vina mizizi hai, maana ndio wanaokata kuni, na hakuna aliyewauliza. Sikuhudhuria tena shughuli za namna ile.

Ndiyo maana nafikiria kisiki hai, ile njia ya kukuza mti upya kutoka kwenye kisiki chake mnayoisikia huko. Hakuna mche wa kununua: unachagua machipukizi mawili matatu yenye nguvu, unapogoa mengine, unafunga kitambaa kiwe alama, unalinda. Nataka kitambaa kiwe kipande cha khanga ya mwenye shamba, na muheme ipite shamba kwa shamba ikiimba ni nani amefunga na mbuzi wa nani amekula. Nyimbo zetu za Kigogo zina ruhusa ya kumsema mtu ambayo mwenyekiti wa kijiji hana. Samahani Baba, mbuzi wa kwanza kutajwa huenda wakawa wako.

Nikirudi Juni sitakuwa na ajira ya ofisini. Nitaanza na kikundi cha Bibi, halafu nibishe hodi kwenye Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kule Munguri, Kondoa. Vyuo hivyo vilianza 1975 kwa kuiga shule za wananchi za huku, na mimi mwaka wangu wa kwanza nilisoma katika mojawapo.

Nina maombi mawili. Visiki vya upande wa korongo msiving'oe msimu huu, hata kama vinasumbua jembe. Na ile muheme ndogo iliyopasuka ngozi, Bibi asiigawe. Ngozi tutaitafuta nikifika.

Binti yenu