Notisi za ujenzi ziandikwe Kiswahili na ziwekwe mahali tunapita

Mhariri,

Naomba nafasi kwa gazeti lako niongee na kaunti yetu ya Nairobi na wale MCA wetu, yaani wawakilishi wetu kwa bunge la kaunti, wa wadi zote 85, juu hii mambo ya kubadilisha matumizi ya ploti inatumaliza huku mitaani na watu wanaiongelea tu kwa kinyozi na kwa stegi, haifiki mahali inafaa kufika.

Vile inaenda ni hivi. Mtu ananunua nyumba ya familia moja, anaomba kibali aibomoe ajenge fleti, ama nyumba ya kukaa inageuzwa godauni. Sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inamruhusu aombe na mimi sina shida na hilo, hata fleti sizipingi, watu wa Nairobi lazima wapate pa kulala na kodi iko juu sana. Lakini sheria hiyohiyo inasema umma ujulishwe na ualikwe kuleta pingamizi, na notisi nyingi hapa mjini zinakupa siku 14. Wiki mbili tu, na hizo wiki mbili ndizo zinapotea.

Kwetu huku Eastlands notisi moja ilifungwa kwa waya kwenye mabati ya ploti, chini karibu na goti, nyuma ya kibanda cha mama mmoja anayeuza viazi. Herufi ni ndogo, yote ni Kiingereza, na ploti imetajwa kwa ile nambari ya kwenye taito ambayo hakuna mtu wa mtaa anaijua, sisi tunajua hapo ni kwa nani na barabara gani. Yule mama alikuwa anaegemeza magunia yake hapo na hana makosa, nani alimwambia hicho ni kitu cha maana? Tulikuja kushtuka tingatinga liko ndani linabomoa. Tulipoenda kuuliza kwa ofisi inayohusika, ambayo siitaji jina, tukaambiwa muda umeisha, na kwamba hakuna mtu alipinga kwa hivyo ilionekana majirani wako sawa na mradi. Tuko sawa aje na hakuna mtu alituuliza!

Na si wivu kama vile wengine wanasema. Laini ya sua, ile bomba ya maji machafu inayopita nyuma ya nyumba zetu, iliwekwa wakati kila ploti ilikuwa na familia moja, na saa hii ploti za huko juu zimeshageuka fleti zote zinamwaga kwa bomba ileile, mvua ikinyesha kidogo tu kifuniko cha shimo karibu na geti ya shule kinainuka, maji machafu yanatoka na watoto wanayaruka wakiwa na viatu vya shule, wale wadogo hawafikishi mguu ng'ambo wanatua katikati. Hayo ndiyo tungeandika kwa pingamizi. Hatungesema asijenge, tungesema bomba ipanuliwe kwanza.

Majirani ndio wanajua ploti. Ni sisi tunajua mahali mto hufika ukifurika, mahali palikuwa dimbwi likafukiwa na taka, mahali lori la zima moto haliwezi kupinda. Wakati lile jengo la gorofa sita liliporomoka mtaa wa Huruma hapa Nairobi usiku wa tarehe 29 Aprili 2016 likaua zaidi ya watu 45, lilikuwa limejengwa karibu na mto na wakubwa wakaja kusema halikuwa na kibali. Sheria inasema ukijenga bila kibali ni faini isiyozidi shilingi 500,000 ama jela isiyozidi miezi miwili ama zote mbili. Kwa mtu anayejenga fleti nzima hiyo pesa ni ya kodi ya muda mfupi tu, kwa hivyo faini peke yake haitatulinda, macho ya watu wa mtaa ndiyo yatatulinda lakini lazima waambiwe mapema.

Katiba yetu kifungu cha 7 inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Kifungu cha 196 kinataka bunge la kaunti lifanye kazi wazi na lishirikishe wananchi. Sasa mbona bango la ploti ya jirani yangu liwe kwa lugha ambayo nusu ya watu wanaopita hapo hawaisomi vizuri? Kupiga chapa bango la Kiswahili hakuna gharama ya kumshtua mtu anayejenga gorofa tisa. Liwe kubwa, liwe kwa geti, litaje jina la barabara na idadi ya gorofa na tarehe ya mwisho ya pingamizi, na lingine liwekwe kwa chifu na kwa stegi. Na vile vikao vya maoni vinavyoitwa mjini asubuhi siku ya kazi, fundi wa mjengo ama mama mboga ataenda saa ngapi na akikosa hiyo siku hakuna chakula? Vifanyiwe kwa wadi, Jumamosi alasiri ama Jumapili watu wakitoka kanisani. MCA wetu wanaweza kuweka haya yote kwa mswada, si kazi ya serikali kuu.

Wakati tunangoja, nawaomba majirani wa Nairobi, ukiona karatasi imebandikwa kwa mabati ya ploti, piga picha tarehe ionekane, tuma kwa grupu ya mtaa hiyohiyo siku, tafuteni mtu wa kuisoma. Sheria ya kupata habari ya 2016 inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili ombi lako la kupata stakabadhi, na wanafaa kukujibu ndani ya siku 21. Kibali kikipeanwa na hamjaridhika mna siku 14 za kukata rufaa kwa ile kamati ya kaunti inayosikiza mizozo ya mipango ya ardhi, baada ya hapo kuna Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Barua ya pingamizi ipelekeni nakala mbili, moja igongwe mhuri wa kupokelewa mrudi nayo nyumbani.

Mkazi wa Eastlands, Nairobi