Barua kwa somo yangu, kabla hujaandika tathmini

Somo yangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, nimeisoma ile tathmini uliyonitumia, ambayo dada mmoja mwanafunzi aliandika kuhusu filamu fupi ya taharuki aliyoitengeneza kwa mtihani, na video ya filamu hiyo ya dakika mbili nimeitazama mara nne. Umeniuliza uchukue nini na uache nini kabla hujaanza kuandika yako. Jibu ni refu, kwa hiyo tafuta pa kukaa.

Kwanza ujue ulichokishika mkononi. Dada huyo aliandika kwa mfumo wa zamani wa bodi ya mitihani ya OCR ya Uingereza, ule uliojulikana kwa namba G321, wenye maswali 7 ya tathmini. Alama zilikuwa 100: 60 za filamu yenyewe, 20 za utafiti na mipango, 20 za tathmini. Mfumo huo haupo tena. Wewe unafanya Cambridge 9607, mtihani wao wa somo la vyombo vya habari (Media Studies), na maswali yako ni 4. Hata hivyo, ukiyapanga sambamba utaona ni ndugu wa damu. Swali lake la 1 na la 2, kuhusu kaida za filamu na jinsi makundi ya watu yalivyosawiriwa, yameingia katika swali lako la kwanza. La 3, la 4 na la 5, yaani usambazaji na hadhira, yamo katika la pili. La 7, linalolinganisha zoezi la awali (kipande kidogo cha kujifunzia) na kazi kuu, linakaribiana na swali lako la tatu kuhusu ustadi ulivyokua. La 6, kuhusu teknolojia, ni la nne kwako. Kwa hiyo usiisome tathmini yake kwa mpangilio wake. Ikate vipande uviweke chini ya maswali yako.

Sasa namna ya kuisoma. Fungua video upande mmoja na maandishi upande wa pili. Kila anapodai jambo, simamisha video uitafute hiyo sekunde. Ukiiona, tia alama ya vema. Usipoiona, tia alama ya kuuliza. Ukifika mwisho utakuwa na ramani ya mahali alipopata alama na mahali alipozipoteza, na utaona kwamba alama za kuuliza zimejaa pale alipotumia maneno makubwa.

Chukua swali la 1. Ameandika kwamba filamu yake inafuata kaida za filamu za taharuki kwa kuwa ina mwanga hafifu na muziki wa kuogofya. Si uongo, lakini sentensi hiyo ingeweza kubandikwa kwenye filamu ya mtu yeyote. Aya mbili chini yake anaweka picha ya sekunde ya 41, yule msichana akiwa kwenye ujia, halafu anaeleza kwamba kamera iliwekwa chini karibu na sakafu ili mlango ulioachwa wazi nyuma uonekane mkubwa kuliko mtu. Hapo ameandika tathmini. Kuna dai, kuna fremu, kuna mbinu, na kuna anachokihisi mtazamaji. Kitu kimoja tu kimekosekana: filamu halisi ya kulinganisha nayo.

Na hapa ndipo penye funzo kubwa kuliko yote. Swali lake hilo linauliza kwa vitenzi vitatu: filamu yako inatumia, inaendeleza au inakiuka kaida? Yeye amejibu kitenzi cha kwanza peke yake, ilhali filamu yake imefanya cha tatu. Itazame tena. Mtu anayemwandama msichana tunamwona uso mzima, mchana kweupe, katika sekunde za mwanzo kabisa. Ameitaja Se7en, filamu ya taharuki ya mwaka 1995, na ameitaja sawasawa, kwamba maandishi ya ufunguzi aliyoyabuni Kyle Cooper yanaonekana kama yamekwaruzwa kwa mkono, naye amefanya vivyo hivyo. Akaishia hapo. Angesema hivi: katika Se7en ufunguzi unatuonyesha mikono ya muuaji, daftari zake na wembe unaokwangua ncha za vidole, lakini uso tunanyimwa, kwa hiyo tunajiuliza ni nani. Katika filamu yake uso tumepewa, kwa hiyo tunajiuliza atafika lini. Hiyo ni taharuki ya namna nyingine kabisa, na yeye ndiye aliyeitengeneza! Inaniuma kuona mtu amefanya jambo zuri kisha hakulisema, kwa sababu msahihishaji wa tathmini hawezi kumpa alama kwa wazo ambalo halikuandikwa.

Dawa yake ni fremu tisa. Toa picha tisa kutoka filamu yako, uzipange tatu kwa tatu: maandishi ya jina la filamu, mahali, mavazi na vifaa, pembe ya kamera, mkato mmoja wa uhariri, mhusika anavyojitokeza, fonti, dalili ya utanzu, na moja uliyoifanya kinyume cha mazoea. Chini ya kila moja andika sentensi mbili. Hiyo ya tisa ndiyo itakayokusumbua, usiiruke.

Kwenye usambazaji amekosea kosa la wengi. Ameandika kwamba filamu yake itasambazwa na Film4. Film4 inajulikana kwa kugharamia na kutengeneza filamu, na kuifikisha filamu kwenye majumba ya sinema ni kazi ya msambazaji. Tazama This Is England ya mwaka 2006. Ilitengenezwa na Warp Films, Film4 ikiwa miongoni mwa waliotia fedha, lakini msambazaji nchini Uingereza alikuwa Optimum Releasing, kampuni ambayo baadaye ilichukua jina la StudioCanal. Katika jibu lako taja pande hizo mbili kando kando, na useme kwa nini msambazaji uliyemchagua angeitaka filamu ya aina yako: amewahi kuchukua filamu gani zenye bajeti na utanzu kama huo.

Filamu hiyohiyo itakufaa kwenye hadhira pia. Mwenzako amesema hadhira yake ni miaka 15 hadi 25, basi. Kwa nini si 14? Kwa nini si 40? BBFC, chombo kinachopanga madaraja ya umri Uingereza, kiliipa This Is England daraja la 18, ingawa mhusika wake mkuu ni mvulana wa miaka 12, na halmashauri ya jiji la Bristol ikaamua kuiruhusu kwa 15 katika sinema zake. Maana yake ni kwamba umri wa wahusika hauamui umri wa watazamaji. Kinachoamua ni kinachoonekana na kusikika: damu, matusi, vitisho, na muda vinavyodumu kwenye skrini. Kwa hiyo anza na sekunde zako zenye vitisho, pendekeza daraja kutokana nazo, kisha ndipo utaje umri.

Maoni ya watazamaji aliyokusanya hayana uzito, kwa kuwa aliwauliza wanafunzi wenzake kama wameipenda. Nani atakwambia hapana usoni? Wewe simamisha video mwishoni, uwaulize watu ambao hawajasoma hadithi yako: huyu ni nani, anataka nini, na kitatokea nini baadaye? Wakijibu tofauti na ulivyokusudia, umepata cha kuandika.

Teknolojia. Ukurasa wake umejaa majina ya vifaa na programu, na orodha ya vifaa haionyeshi mtu amejifunza nini. Katikati ameandika kwamba taa za ujia zilichezacheza kwenye video na hakujua la kufanya. Somo, hapo palikuwa na alama zimelala! Umeme wa Uingereza, kama wa Kenya na Tanzania, ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za mirija hupiga mara 100 kwa sekunde. Kamera ikirekodi fremu 30 kwa sekunde kwa kasi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya sekunde 1/60, kila fremu inakamata kiasi tofauti cha mapigo hayo, na mwanga unaonekana kupanda na kushuka. Ukiweka fremu 25 na shata ya 1/50 au 1/100, tatizo kwa kawaida linakwisha. Andika kila tatizo lako kwa mtindo huo: kilichoonekana, sababu yake, ulichobadilisha, na picha za kabla na baada. Vivyo hivyo kwa sauti. Kama mazungumzo yako yana mivumo inayokatika kila shoti inapobadilika, eleza kwamba hukurekodi ukimya wa chumba. Sekunde 30 za chumba kitupu, watu wakiwa kimya, zinatosha kutandazwa chini ya mikato yote.

Ukurasa wake bora ni wa mwisho, ule unaolinganisha zoezi la awali na filamu. Zoezi lenyewe lilikuwa dogo: mtu afungue mlango, avuke chumba, aketi mbele ya mwenzake, wasemezane maneno mawili matatu. Ameweka fremu mbili juu na mbili chini. Za juu, kamera ilivuka mstari wa digrii 180, yaani mstari wa kufikirika unaowaunganisha wanaozungumza, ambao kamera hubaki upande wake mmoja, na watu wote wawili wanatazama kulia kana kwamba wanautazama ukuta. Za chini, mmoja anatazama kulia na mwingine kushoto, na unaamini kwamba wanaonana. Hakuhitaji maelezo mengi. Chukua mtindo huo kama ulivyo.

Ninaposema chukua, nina maana ya umbo, yaani namna ya kupanga ushahidi na aina ya picha. Sentensi zake usiziguse, hata kwa kubadilisha maneno, maana huo ni udanganyifu wa mtihani na unaweza kukufutia kazi yote. Andika maelezo yako ya fremu tisa, funga faili lake, na usilifungue tena mpaka umemaliza.

Tena kumbuka Cambridge hawataki insha. Wanataka majibu ya kidijitali yenye ubunifu. Swali la kwanza linakaa vizuri kama sauti yako ikisimulia juu ya filamu, kama waongozaji wafanyavyo. La nne ungerekodi skrini ya programu ya uhariri huku ukionyesha tabaka za sauti na rangi. Andika maneno ya kusoma kabla ya kurekodi, vinginevyo utazunguka mbuyu dakika tano.

Nitumie hizo fremu tisa hata kabla hujaziandikia chochote, nizitazame kama mgeni nikwambie ninachokiona. Wasalimie nyumbani wote, na mama umpe shikamoo yangu.

Ni mimi,
Somo yako