Kabla ya kumpeleka soba, ulizia arosto

Ndugu Mhariri,

Mzazi anayetafuta soba, yaani nyumba ya upataji nafuu kwa waraibu wa dawa za kulevya na pombe, ya kumpeleka kijana wake huuliza mambo mawili: ada ya mwezi ni kiasi gani, na ukuta una urefu gani. Namwelewa. Kijana akishauza mpaka sufuria za mama yake apate hela ya kete, familia huchoka, na familia iliyochoka hutaka geti linalofungwa kwa nje.

Swali la kwanza liwe hili: arosto, yaani mateso ya mwili mraibu anapokatishwa kilevi chake, mnaitibu vipi, na nani anaitibu? Arosto ya unga, yaani heroini, ni mateso: maumivu ya viungo, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi, lakini mtu mzima mwenye afya akipewa maji ya kutosha na kuangaliwa, kwa kawaida huvuka. Pombe ni habari nyingine. Mlevi wa siku nyingi aliyekatishwa gongo ghafla anaweza kupata degedege na kufa, kwa hiyo huyo aanzie hospitali. Soba zetu nyingi zinaendeshwa na watu waliowahi kutumia wenyewe, na ndiyo nguvu yake, maana mraibu hamdanganyi aliyepita njia hiyo hiyo. Ila si madaktari. Nyumba nzuri hulisema hilo wazi na kukuonyesha hospitali inayoshirikiana nayo.

Kuna jambo linaloniudhi zaidi. Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa inayochukua nafasi ya heroini na kuzuia arosto, mwaka 2011, na hospitali ya Kidongo Chekundu kule Unguja ikafuata mwaka 2015. Dawa hiyo hutolewa bure, na kwa kawaida mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Bado zipo nyumba zinazomlazimisha mtu achague, methadoni au kitanda, eti anayeinywa hajawa safi. Mdogo wangu aliambiwa hivyo hivyo. Sikubaliani. Anayeamka asubuhi akanywa dawa yake, akaenda kazini na jioni akala na wanawe, mnataka awe safi kuliko hapo? Asiyetaka methadoni asilazimishwe, hatua 12 za vikundi vya waraibu wanaosaidiana kuacha zimewasaidia wengi, lakini kumkatisha mgonjwa dawa aliyoandikiwa kliniki bila kumwona daktari wake ni kumrudisha kwenye unga.

Nyumba ikikwambia usije kumuona kwa miezi mitatu, uliza sababu. Wiki za mwanzo bila simu wala wageni, sawa, maana hata muuzaji huja kama mgeni. Miezi mitatu ni mingi, na penye pingu au fimbo hapana tiba. Ukifika, omba kuona wanapolala na jikoni. Wakisita, ondoka naye.

Halafu kuna siku ya kutoka, ambayo hatuiulizi kwa sababu tunaona tumeshamaliza. Mtu aliyekaa miezi minne bila unga, mwili wake umepoteza uzoefu. Akirudia kipimo kile kile cha zamani, pumzi inaweza kukata palepale. Kwa hiyo uliza: akitoka, nani atamfuatilia? Kuna mikutano ya jioni? Anaweza kwenda kibaruani mchana na kurudi kulala hapo kwa muda? Na akirudia matumizi, mnampokea au mnatoza upya ada ya kujiunga? (Jibu la swali hilo la mwisho litakufundisha mengi kuhusu mwenye nyumba.)

Mhariri, gazeti lako lina waandishi mikoani. Naomba waende Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na kwa wenzao wa Zanzibar, waombe orodha ya nyumba za upataji nafuu zenye kibali, ichapwe mkoa kwa mkoa. Zinazopokea wanawake ziwekewe alama, kwa sababu nyingi ni za wanaume, na mwenye binti anahangaika mara mbili.

Msomaji wako,
Mbagala, Dar es Salaam