Uwanja wa St Helena tusiuseme vibaya tu

Mhariri habari za kazi, mi naona watu bado wanaubeza uwanja wa ndege wa St Helena, kile kisiwa cha Uingereza katikati ya Atlantiki ya kusini, eti hauna kazi, jamani hiyo ilikuwa 2016! Kweli pauni milioni 285 za kuujenga ni pesa ndefu, na kweli ndege ya majaribio ilikutana na upepo unaogeuka ghafla karibu na ranwei, maana uwanja wenyewe uko juu ya magenge ya bahari, wamejaza bonde zima mawe ndo ukatoshea. Upepo wangeupima vizuri kabla, hapo siwatetei. Ila tangu Oktoba 2017 ndege ya abiria aina ya Embraer inatua, ndogo sawa, lakini zamani mgonjwa mahututi alikuwa anasubiri meli, halafu siku kama 5 baharini mpaka Cape Town.