Simu inayosikilizwa haipati moto

Mhariri,

Pwani hii mtu akisema "tunasikilizwa", hakuna anayeuliza na nani. Tangu shambulio la Mpeketoni la Juni 2014 na kafyu iliyofuata Lamu, na tangu operesheni ya usalama ya msitu wa Boni ianze mwaka 2015, kuna watu waliochukuliwa usiku na jamaa zao bado wanawangoja. Anayewaambia wakazi kwamba hofu yao haina asili anawadhulumu. Kinachonisikitisha ni kuona hofu hiyo ikimalizwa kwenye dalili zisizo na maana, huku dalili za kweli zikipita bila kutazamwa.

Dalili inayotajwa sana mabarazani ni simu kutoa mlio wa "tik", kurudisha mwangwi au kupata moto. Serikali inaponasa mazungumzo, hufanya hivyo kwenye mitambo ya kampuni ya simu. Mtambo unatoa nakala tu. Nakala hiyo haina mlio, haili betri wala bando. Mwangwi wa sauti yako mara nyingi unatokana na spika ya unayezungumza naye, inayorudisha sauti kwenye maikrofoni yake. Joto linatokana na jua letu, betri iliyochoka, au mnara ulio mbali: simu inayotafuta mtandao kwenye vipande vya barabara ya Garsen kwenda Lamu hurusha mawimbi kwa nguvu zaidi, na nguvu hiyo hugeuka joto.

Ile *#21# inayosambazwa kwenye WhatsApp nayo haionyeshi kama umenaswa. Inaonyesha kama simu zako zinaelekezwa kwa nambari nyingine. *#62# inaonyesha zinakokwenda ukiwa hupatikani, na nambari ngeni utakayoiona hapo kwa kawaida ni ya kisanduku cha sauti cha kampuni yako. Ukikuta ni nambari ya mtu, piga ##002# kufuta maelekezo yote. Hakuna tarakimu unazoweza kubonyeza zikakufichulia kinachofanyika ndani ya mtambo wa kampuni.

Watu wengi wangeshangaa wakijua ni mengi kiasi gani yanajulikana bila neno lao hata moja kusikilizwa. Kumbukumbu za simu zina nambari uliyopiga, saa, muda wa mazungumzo, mnara uliokuhudumia, na nambari ya simu yenyewe, ile ya tarakimu 15 unayoiona ukipiga *#06#. Hapo ndipo wanaobadilisha laini wanapokosea. Laini mpya ndani ya simu ya zamani inaandikwa pamoja na ile nambari ya tarakimu 15, na laini mbili zinaunganishwa siku hiyohiyo. Hata ukinunua simu mpya na laini mpya, ukiwapigia watu walewale watano jioni, ukiwa chini ya mnara uleule wa nyumbani, umeshajitambulisha.

Mlango ulio wazi zaidi ni mkono wa mtu. Programu nyingi za kijasusi zinazouzwa madukani mtandaoni haziingii zenyewe. Lazima mtu aishike simu yako ikiwa imefunguliwa, na dakika chache zinamtosha. Mwaka 2025 watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walieleza kuwa walikuta FlexiSPY kwenye simu za watengenezaji filamu Wakenya zilizokuwa zimechukuliwa na polisi. Pegasus ni ya aina nyingine, huweza kuingia bila wewe kubonyeza chochote, lakini ni ghali mno na hutumiwa dhidi ya watu waliochaguliwa mmoja mmoja: wanahabari, mawakili, wanasiasa. Mwananchi wa kawaida husomwa zaidi na mwenzi wake, jamaa au tapeli aliyejua nambari yake ya siri.

Kwa hiyo tazama pale mkono unapoacha alama. Kwenye WhatsApp, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Simu moja huruhusu hadi vinne, na kompyuta iliyounganishwa inasoma kila kitu hata simu yako ikiwa imezimwa. Usichokitambua, kiondoe, kisha weka nambari ya siri ya tarakimu sita ya uthibitishaji wa hatua mbili. Kwenye simu ya Android, kagua programu zilizopewa ruhusa ya ufikivu (Accessibility) na zile zilizopewa usimamizi wa kifaa (Device admin). Programu ya kijasusi inahitaji ruhusa hizo na hujipa jina linalofanana na sehemu ya simu. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Wa Safaricom wapige *100*100# ili laini yao isibadilishwe bila wao kufika dukani.

Ukikuta kitu, usikimbilie kuiflashi simu, yaani kuifuta yote. Wengi huharibu kesi yao hapa. Kwanza piga picha skrini kwa simu nyingine: jina la programu, ruhusa zake, tarehe. Kisha badilisha nywila ya Google ukitumia kifaa kingine, kwa sababu ukiibadilisha kwenye simu iliyoingiliwa, mpelelezi anaisoma ukiiandika. Hifadhi picha na nambari za watu tu, halafu ndipo uifute simu yote. Usirudishe programu kutoka kwenye nakala ya zamani. Utamrudisha mgeni ndani kwa mkono wako.

Huduma Namba, mpango wa serikali wa kumsajili kila mtu kwa nambari moja, ilitufunza kwa uchungu. Mwaka 2019 mhubiri Paul Mackenzie wa hapa Malindi alikamatwa kwa kuwachochea watu waikatae, akiiita ya kishetani. Baadaye, katika msitu wa Shakahola, walikofia wafuasi wake, ikafukuliwa miili zaidi ya 400. Lakini mpango ule ulikuwa na kasoro ya kweli, na tarehe 14 Oktoba 2021 Mahakama Kuu ilisema kadi hazikupaswa kutolewa kabla ya tathmini ya athari kwa data za watu. Walioishinda serikali walikwenda mahakamani na karatasi.

Kuhusu kufuatwa barabarani, weka daftari. Andika tarehe, saa, mahali, nambari ya gari, maneno yaliyosemwa. Ulichokiona kikae ukurasa mmoja, ulichokidhani ukurasa mwingine. Andika pia siku ambazo hukuona kitu. Bila hizo hesabu inakudanganya. Malindi magari meupe ya Probox hayaishi, na tuktuk ikipita mara tatu inatafuta abiria. Baada ya wiki mbili msomee mtu unayemwamini. Nambari ileile ikijirudia mahali pasipohusiana, nenda kituoni ukaandikishe na uondoke na nambari ya OB, kitabu cha polisi cha kuandikia matukio.

Kuna jambo jingine linalotaka upole. Mtu anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au anayeamini majirani wote wamepangwa dhidi yake, anateseka kweli. Asichekwe, asibishiwe, asifungwe kamba. Muulize analala saa ngapi. Kutafuna muguka, majani ya kulevya, usiku kucha bila usingizi unaweza kumletea mtu hisia hizo. Mpeleke hospitali ya serikali aonwe na mhudumu wa afya ya akili, na bado malalamiko yake yachunguzwe. Mgonjwa naye anaweza kufuatwa.

Sheria nazo zipo. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ya 2012, kifungu cha 36, inamtaka afisa wa polisi apate amri ya Mahakama Kuu kabla ya kunasa mawasiliano, ingawa kifungu cha 36A kilichoongezwa 2014 kilivipa vyombo vya usalama wa taifa nafasi pana mno, na wabunge wetu wa pwani wanapaswa kukirudia. Kampuni iliyotoa data zako ovyo, ishtaki kwa Kamishna wa Ulinzi wa Data. Lalamiko linapaswa kumalizwa ndani ya siku 90. Ofisi ya umma ina siku 21 kujibu ombi la habari, na saa 48 iwapo uhai au uhuru wa mtu unahusika. Itajitetea kwa usalama wa taifa, basi ijitetee kwa maandishi. Na ndugu yako akichukuliwa, usingoje uvumi: Katiba inataka afikishwe kortini ndani ya saa 24, na Mahakama Kuu ya Malindi inaweza kuombwa iamuru aletwe, aonekane.

Fundi simu,
Malindi