Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa gemu la vifaru: Baba mdogo anaulizia bendera yake

Moshi, Kilimanjaro

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Salaam. Natumaini hujambo, wewe na wote wa ofisini kwako. Huku kwetu tu wazima, mvua zinanyesha, na mlima umejifunika mawingu kama kawaida yake.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Mara tatu nimewaandikia kwa Kiingereza kuhusu namna gemu lenu la vifaru linavyoyagawia mataifa bendera, na mara tatu nimejibiwa maneno yale yale: tunashukuru kwa maoni yako, tumeyafikisha kwa wahusika. Jibu la tatu lilinifikia dakika mbili baada ya kutuma kurasa mbili. Huyo mhusika, Mungu amzidishie, anasoma kwa kasi ya ajabu. Basi safari hii naandika kwa lugha yangu, mbele ya watu, ili usipojibu angalau wenzangu wajue kwamba niliuliza.

Nilikuwa nimeshanyamaza. Kilichonirudisha ni cha Jumamosi.

Baba mdogo wangu anakaa Kibosho. Alishuka mjini kwa ajili ya kliniki ya macho, jioni akachoka kupanda daladala, akalala kwangu Majengo. Saa nne usiku nilikuwa kwenye kompyuta, maana bando la usiku ndilo ninaloliweza. Yeye alikuwa kitini nyuma yangu na sahani ya ndizi. Nikatoa kifaru kiitwacho Type 59. Nikasikia sahani inawekwa chini. Akasogeza kiti, akavua miwani, akaipangusa kwa ncha ya shati, akaivaa tena.

Mzee huyu alikuwa dereva wa kifaru hicho mwaka 1979, vita vya Kagera.

"Dereva anakaa hapa, kushoto," akasema, akigusa kioo kwa kidole chenye mafuta. "Usukani hamna. Kuna nyenzo mbili. Ukitaka kulia unavuta wa kulia, na uvute kweli, tani thelathini na sita hizo." Akanisimulia joto la mle ndani, na njia ya Lukaya, kule Uganda, yenye kinamasi huku na huku. Usiku ule wa Machi 10 wenzake walirudi nyuma, alfajiri wakageuza kibao, Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakakimbia. Miaka yote hii alikuwa hajanisimulia Lukaya. Gemu lako ndilo lililomfungua mdomo, na kwa hilo nakushukuru bila kejeli yoyote.

Kisha akauliza: "Sasa hii bendera mbona ya Mchina?"

Nikamwambia, Baba, kwenye gemu kifaru hiki ni cha China. Akanyamaza kidogo. "Kimetengenezwa China, ndiyo. Lakini Lukaya kilikuwa chetu." Akachukua sahani yake akaenda kulala.

Mheshimiwa, mimi nilibaki pale nimewasha kioo, sina jibu.

Kwa wasomaji wasiocheza: gemu hili limepanga magari ya vita kwa miti ya mataifa. Marekani ana mti wake, Ujerumani wake, Urusi wake, China wake, na wewe unapanda toka mashine za zamani hadi za leo. Mataifa madogo mengi hayana miti. Yamepandikizwa kama tunavyopandikiza parachichi huku Machame: shina la huyu, tunda la yule, na sokoni linauzwa kwa jina la mwenye shina. Ufini yuko ndani ya Uswidi. Ubelgiji na Uholanzi wako kwa Ufaransa. Thailand yuko kwa Japani. Hungaria, usicheke, yuko kwa Italia. Wahungaria waliokufa wakipigana na Waitalia kule mto Isonzo katika Vita Kuu ya kwanza wakifufuka leo, wataomba waelezwe polepole.

Ila mimi nataka tuzungumzie Afrika Kusini, kwa sababu hapo ndipo pesa yangu ilipokwenda.

Nilipoanza nilitafuta chochote cha Afrika. Nikakuta magari ya Afrika Kusini, yamewekwa kwa Mwingereza. Kuna kifaru Olifant, hicho sibishi, mwili wake ni wa Centurion, kifaru cha Mwingereza. Lakini Rooikat? Jina lenyewe kwa Kiafrikana ni simbamangu. Magurudumu manane, mzinga wa milimita 76. Nchi hiyo ilitoka Jumuiya ya Madola mwaka 1961, na mwaka 1977 Umoja wa Mataifa ukaiwekea vikwazo vya lazima vya silaha. Ikabidi ijitengenezee yake kwa shida. Uingereza yuko wapi katika hadithi hiyo?

Na angalia nilipofikishwa mimi Mtanzania. Nchi yangu iliwapa wapigania uhuru wa Afrika Kusini kambi Kongwa na ardhi Mazimbu ili wamwondoe kaburu. Leo nikitaka kucheza na gari la Afrika kwenye gemu lako, nachukua gari la jeshi la kaburu, tena lililovalishwa bendera ya Mwingereza. Nimekesha miezi mitano kulifikia. Miezi mitano ya bando, luku inalia usiku wa manane, umeme unakatika katikati ya pambano na nyinyi mnanihesabia nimetoroka vita. Mke wangu aliwahi kuniuliza huyo Rooikat ni nani ninayemtaja usingizini.

Kwa nini mnafanya hivi? Mimi nadhani ni hesabu. Mti mzima unahitaji magari kila daraja, toka chini hadi juu, na nchi ndogo haina ya kujaza. Mataifa makubwa nayo yana mashimo, mkubwa hana gari zuri daraja fulani, mnamwazimia la jirani. Nasikia pia ni biashara, mwenye kumpenda Mfini alazimike kununua na vya Mswidi. Sijui. Kwenye barua yangu ya pili niliuliza, mkanijibu "suala hili litaangaliwa katika apdeti zijazo". Apdeti zimekuja, kompyuta yangu imejaa, suala halijaangaliwa.

Najua utasema: Tanzania haikuunda kifaru. Ni kweli, ndiyo maana siombi mti. Type 59 ni ya Mchina na Type 62 ni ya Mchina, na Mchina alitufaa. Lakini hebu tuangalie sheria yako mwenyewe. Wafini mmewapa vifaru vya T-34 na KV-1. Hivyo viliundwa na Msovieti. Wafini waliviteka vitani, wakavifanyia matengenezo, wakavipaka alama yao, nanyi mkasema sawa, ni vya Mfini. Vizuri sana. Kwa hiyo kifaru cha kuteka kinapata bendera ya aliyekiteka, na kifaru tulichokipata kwa heshima, tukakiendesha toka Mutukula hadi Kampala, hakipati? Tungekiiba ndiyo mngetutambua?

Samahani kwa hilo la mwisho. Naliacha kwa sababu ni swali.

Nilianza barua hii nikitaka mengi. Nilitaka mataifa madogo yote yatolewe kwa wakubwa yawe na ukurasa wao, hata kama ni wa magari matano. Nilitaka Rooikat iondolewe kwa Mwingereza. Nilitaka mnirudishie pesa, kusema kweli. Huku Moshi, mji ambao Machi 1979 hiyo hiyo Waganda waliokuwa uhamishoni walikutana kupanga nchi yao baada ya Amin, tunajua kukaa mezani na kupunguza madai. Nayapunguza.

Naomba bendera moja. Mtu akitoa Type 59 awe na hiari ya kuchagua, pembeni ya jina lake: China, au Tanzania. Kijani, njano, nyeusi, bluu. Mchoro ni mdogo kuliko ukucha. Hakuna gari jipya la kuunda, hakuna mti, hakuna hesabu ya madaraja kuvurugika. Bendera tu, Mheshimiwa.

Kliniki wamempangia baba mdogo arudi tarehe 28 kwa jicho la kushoto. Atalala kwangu tena, na ameshaniambia nisiweke bando kidogo.

Wako mtiifu, kwa sasa,

Mchezaji wa Majengo, Moshi