Mashine ya moshi au ya ukungu?

Wakuu, habari za jioni. Kabla hatujachanga hela tuelewane: hizi ni mashine mbili tofauti. Ya moshi hutoa wingu zito kwa mpigo, zuri maharusi wanapoingia, kisha linatawanyika. Ya ukungu hutoa utando mwembamba mfululizo ili miale ya taa ionekane. Sisi tuna taa za kuzunguka nne, kwa hiyo mimi naegemea ukungu.

Mkisema moshi, wati 400 ni za sebuleni. Kwa ukumbi mkubwa tuanzie 1,500. Hiyo huvuta karibu ampea 6.5 kwenye volti 230, kwa hiyo isichomekwe ekstensheni moja na amplifaya.

Majimaji yawe yale aliyotaja mtengenezaji. Hizi glisirini za kuchanganya nyumbani (najua mtasema ni rahisi) huacha utando ndani ya hita na kuziba tundu. Tangi likikauka pampu nayo inaungua.

Ukumbi ukiwa na vitambuzi vya moshi, tuongee na meneja mapema. Ukungu pia huviamsha.

Nani ana vipimo vya ukumbi? Nataka na kimo cha dari, kabla ya Alhamisi.